Gari ya zamani inakula oili: jua inapoenda kabla hujakubali injini ifunguliwe

Mjomba wangu yuko Muheza, anabeba machungwa kwenye stesheni wagoni yake ya mwaka 1998, na msimu mmoja aliambiwa injini imekufa ringi (vile viduara vya chuma vinavyozunguka pistoni), inakula oili, dawa yake ni kuweka nyingine. Hakuna kitu kilichopimwa. Fundi alichomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) akaiangalia, akazunguka nyuma akaona bomba la ekzosi jeusi, akasema hii ringi hii mzee wangu usijisumbue. Mjomba akauza mbuzi, akaongeza na pesa ya mavuno, injini ya mtumba ikafungwa, na wiki tatu baadae ile injini nayo ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Ndo akanipigia simu. Nilienda Muheza jumamosi, nikakuta tatizo la injini ya pili halina uhusiano wowote na ringi, ntaeleza huko chini, na ile injini ya kwanza mpaka leo hatujui ilikuwa na nini kwa sababu ilishauzwa vipande vipande. Inaniuma bado.

Kwa iyo naandika hapa kila hatua ninayoifuata mimi mwenyewe, ni za kufanyia nyumbani nyingi zake, vifaa ni tochi, spana ya plagi, daftari na boksi la kadibodi. Kufungua injini iwe ya mwisho kabisa.

Anza na daftari, sio na spana

Gari ya zamani kula oili kidogo ni kawaida. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji vinakubali mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 kama kiwango cha juu kabisa, ingawa injini nzima haifiki hata robo ya hapo. Mi kwa gari yenye miaka 20 na kitu, ikila chini ya lita 1 kwa kilomita 2,000 na haina moshi siifungui, naongeza oili naendelea na maisha. Ikifika lita 1 kwa kilomita 1,000 naanza kutafuta. Ikifika lita 1 kwa kilomita 500 hapo kuna kitu kinaharibika kila siku unayoendesha.

Sasa ili ujue uko wapi lazima upime, na watu wengi wanapima vibaya. Paki sehemu tambarare, Tanga mjini hilo sio tatizo, iache usiku kucha, asubuhi kabla hujapiga starti chomoa dipstiki, ifute na kitambaa safi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndo usome. Ukipima jioni umetoka tu Pongwe umezima sasa hivi, oili nyingi bado iko juu kwenye hedi (kichwa cha injini) haijashuka, utaona imepungua utaongeza bure. Kama huwezi kusubiri asubuhi basi subiri angalau dakika 10, na kila siku upime kwa namna ileile, usichanganye.

Jaza mpaka alama ya juu kamili, andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Kila jumapili pima, na ukiongeza usimimine kwa macho, pima kwa chupa, mi natumia chupa ya kunyonyeshea mtoto iliyozeeka ina alama za mililita pembeni. Mfano, ulianza kwenye 187,340, sasa inasoma 188,390, umetembea kilomita 1,050, na katikati umeongeza jumla mililita 650 ili irudi kwenye alama ya juu. Gawanya, unapata kama mililita 620 kwa kila kilomita 1,000. Hiyo ndo namba yako, hiyo ndo utamwambia fundi, sio "inakula sana".

Kitu kimoja kinachowachanganya wengi: gari inazunguka Ngamiani na Makorora wiki nzima, safari za dakika tano tano, oili haishuki hata kidogo, afu unaenda nayo Dar kilomita kama 350, ukifika unakuta imeshuka nusu ya dipstiki. Unasema imeharibika njiani. Inawezekana haijaharibika. Safari fupi injini haipati moto wa kutosha, petroli kidogo na unyevu vinaingia kwenye oili vinajaza nafasi ya oili iliyoungua, ukienda mbali injini ikapata moto vile vyote vinatoka kama mvuke na unaona ukweli wote kwa siku moja. Na pia mwendo wa barabara kuu injini inazunguka sana kwa hiyo inakula zaidi. Ndo mana nasema hesabu kilomita 1,000 zilizochanganyika, mjini na barabarani, usihukumu kwa safari moja.

Na usisubiri taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Kwenye gari nyingi za zamani ile inaangalia presha, haiangalii kiasi. Ikiwaka ujue pampu tayari inavuta hewa na vyuma vinasagana, zima gari hapohapo ulipo hata kama ni katikati ya pori la Segera.

Hakikisha dipstiki ni ya injini hiyo

Hapa ndo nilipomkuta mjomba. Injini za mtumba zinakuja bila dipstiki au imevunjika, fundi anachukua ile ya injini ya zamani anachomeka, inaingia vizuri tu, lakini urefu sio uleule. Ya mjomba ilikuwa fupi kwa injini mpya, kwa iyo kila asubuhi ilisoma chini, na yeye kwa uoga wa yaliyompata akawa anaongeza na kuongeza. Oili ikizidi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inaanza kuipiga mapovu, inarushwa kwenye kuta za silinda na inapandishwa kwenye mpira wa briza (wa kupumulia injini) inaingia kwenye manifodi (njia ya hewa ya kuingia kwenye silinda) inaungua. Moshi wa bluu ukatoka. Anaona moshi, anapima, inasoma chini, anaongeza tena! Tulipoimwaga yote tukaipima ilizidi kwa karibu lita moja na nusu.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Siku ya kubadilisha oili, mwaga yote, badilisha na filta, tafuta kiasi kilichoandikwa kwa injini yako kwenye kitabu chake au kwa kutumia namba ya injini (nyingi za silinda nne ni kati ya lita 3 na nusu na 4 na kidogo), mimina kiasi hichohicho kwa kupima, washa dakika mbili filta ijae, zima, subiri dakika 10, soma. Ikisoma kwenye alama ya juu dipstiki ni yake. Ikisoma kwingine, chora alama yako mpya kwa msasa au tupa utafute ya kwake.

Inavuja au inaungua?

Oili inaweza kutoka kwa njia mbili tu, nje au ndani, na nje ni rahisi kutengeneza kwa hiyo anza nje. Tandika boksi la kadibodi chini ya injini usiku. Matone ya asubuhi yanakwambia kitu, ila kutokuwepo kwa matone hakukwambii kwamba haivuji, kuna uvujaji unaotokea injini ikiwa ya moto na ina presha tu, na kuna unaodondokea kwenye ekzosi unaungulia palepale. Huo utausikia kwa pua, ukisimama kwenye taa au ukipaki nyumbani harufu ya oili iliyoungua inaingia ndani ya gari.

Injini chafu huwezi kuisoma. Ioshe kwa maji na sabuni ikiwa imepoa, funika altaneta, distributa na mdomo wa ea klina kwa nailoni, iache ikauke kabisa, afu chukua poda ya mtoto nyunyizia kuzunguka tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), kwenye maungio ya sampu, karibu na oili filta na mbele kwenye puli ya krenki. Endesha kilomita 20, nenda hata Pongwe urudi. Fungua boneti na tochi. Penye poda iliyolowa ndo panapovuja, ila angalia sehemu ya JUU kabisa iliyolowa, kwa sababu oili inashuka na upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, mtu anaona oili kwenye maungio ya giaboksi anasema ni sili ya nyuma ya krenki, giaboksi inashushwa, kumbe ni gasketi ya tapeti kava imekauka imekuwa kama biskuti, kazi ya nusu saa.

Sehemu ninazoangalia kwa mpangilio: gasketi ya tapeti kava, swichi ya presha ya oili (inavujia katikati yake palipo na waya), oili filta yenyewe na kama gasketi ya filta ya zamani haikubaki chini ikafungwa mbili, nati ya kumwagia oili, ringi ya mpira ya distributa, sili ya mbele ya krenki, mwisho sampu. Sisi wa pwani tuongeze na kutu. Gari iliyokaa Raskazone au Pangani miaka kumi sampu ya bati inaliwa na chumvi mpaka inatoka vitundu vya sindano, uking'oa tope lililoganda chini unaweza kukuta oili inapumua. Na ukiingia chini ya gari weka stendi za chuma, jeki peke yake isikushawishi hata kwa dakika moja, na mawe usiweke.

Kivalvu cha PCV, kitu kidogo kinachopuuzwa

Kila injini ina gesi kidogo inayopita pembeni ya pistoni ikashuka chini kwenye sampu. Ile gesi lazima itoke, na kwenye magari mengi inatoka kupitia kivalvu kidogo cha PCV kilichochomekwa kwenye tapeti kava au karibu yake, kinaunganishwa na mpira mpaka kwenye manifodi, injini inaivuta na kuiunguza. Kikiziba kwa tope la oili, gesi inakosa njia, presha inajaa ndani, oili inasukumwa kwenye kila sili na kila mpira, gari inavuja kila sehemu kwa pamoja na inaungua pia. Kikikwama wazi, manifodi inanyonya mvuke wa oili kama mrija.

Kichomoe, kitikise karibu na sikio. Kikigonga kama njugu ndani ya debe kiko hai, kikiwa kimya kimekwama. Afu kichomeke kwenye mpira wake tu, washa gari iwe sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta), ziba mdomo wake kwa kidole, lazima usikie inavuta. Haivuti, mpira umeziba au umepasuka. Kuna jaribio lingine, gari ikiwa sailensi fungua kifuniko cha kujazia oili (polepole, injini zingine zinarusha matone) weka kipande cha karatasi ya daftari juu ya tundu. Kikinyonywa kidogo au kikitulia, sawa. Kikirushwa kwa pumzi ya pu pu pu pu, gesi inayoshuka ni nyingi kuliko inayotolewa, ama PCV imeziba au ringi zimechoka. Badilisha PCV na mpira wake kwanza, ni spea ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kwenye injini, rudia jaribio, kama bado inapumua kwa nguvu sasa una sababu ya kuzifikiria ringi.

Chungulia na ndani ya ule mpira mkubwa unaotoka ea klina. Unyevunyevu wa oili ni kawaida, oili inayotuama kama kikombe cha chai sio kawaida. Kwa wenye dizeli ya tabo, angalia mipira ya tabo hivohivo, tabo iliyokufa sili inamwaga oili nyingi kwa muda mfupi na dizeli inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe isizimike hata ukitoa ufunguo, kwa hiyo hilo usilicheleweshe.

Moshi unatoka wakati gani

Hapa ndo pana utamu wote, na ndo hatua ninayoomba msiiruke. Rangi kwanza kwa haraka: bluu ya kijivu yenye harufu kali ni oili, nyeusi ni petroli inazidi, nyeupe nzito isiyoisha yenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha ni unyevu tu. Lile bomba jeusi alilolitazama fundi wa mjomba halisemi kitu peke yake, masizi makavu ni ya petroli, ukipitisha kidole ukapata weusi wa utelezi wenye mafuta ndo oili.

Ila kinachokwambia ugonjwa ni WAKATI. Mwambie mtu akufuate na gari nyingine, au usiku, taa za gari la nyuma zinaonyesha moshi vizuri kuliko jua la saa 7 mchana.

Asubuhi unapiga starti, linatoka wingu moja la bluu, sekunde chache linaisha, siku nzima hulioni tena. Hiyo ni valvu sili. Ni vile vikofia vidogo vya mpira vinavyokaa kwenye mguu wa kila valvu juu kwenye hedi kuzuia oili isishuke. Vikikauka, usiku oili inachuruzika tone tone mpaka juu ya pistoni, asubuhi inaungua yote kwa mara moja. Dalili nyingine ya ugonjwa huohuo, umepaki stendi ya Kange unamsubiri mgeni, umeacha injini inanguruma kwa ajili ya AC maana joto la mwezi wa pili unalijua, nusu saa imepita, ukiondoka tu linafumuka wingu nyuma abiria wa bajaji wanaziba pua.

Na kipimo kikubwa cha valvu sili sisi wa mkoa huu tunacho mlimani. Mi gari yangu nilikuwa naitilia mashaka miezi, mjini haionyeshi kitu. Nikapanda nayo Lushoto kumsalimia shangazi, kutoka Mombo ni kama kilomita 30 na kitu za kona tupu, kupanda haikutoa moshi hata chembe pamoja na kwamba injini ilikuwa inakazwa kwelikweli. Wakati wa kushuka nikaweka gia namba mbili, nimetoa mguu kwenye mafuta, injini ndo inashikilia gari kona baada ya kona, nikifika palipo sawa nakanyaga, shemeji aliyekuwa nyuma na pikipiki ananipigia honi, wingu la bluu. Basi jibu nimepata bila kufungua nati hata moja. Ukitoa mguu, njia ya hewa inafungwa na pistoni bado zinavuta, ule mvuto unakuwa mkali sana ndani ya manifodi na unainyonya oili kutoka juu kupitia valvu gaidi (kibomba ambamo mguu wa valvu unapita). Inajikusanya. Ukikanyaga inaungua. Asiye na safari ya Lushoto mteremko wowote mrefu unatosha, wa Amani pia upo, ila barabara yake iheshimu wakati wa mvua.

Ringi zina tabia kinyume chake. Zinatoa moshi gari ikiwa inafanya kazi, unapanda mlima umejaza mzigo, unaovateki kwenye barabara ya Segera, moshi unafuata mguu wako, ukikaza unaongezeka na hauishi. Na nguvu imepungua, na ile karatasi kwenye tundu la oili inarushwa.

Afu kuna gari inayokula lita nzima na haitoi moshi unaoonekana kabisa, usishangae, kama masega ya ekzosi (katalitiki, kile cha kusafisha moshi) bado mazima yanaunguza moshi mwingi kabla haujatoka. Kwa muda. Majivu ya oili yanayaziba taratibu na sensa ya oksijeni inakufa nayo.

Chomoa plagi zote, zipange kwa namba

Zipange juu ya karatasi 1, 2, 3, 4 kama zilivyokaa. Rangi ya udongo mkavu au kijivu ni nzima. Moja ikiwa nyeusi yenye utelezi au ina ganda la majivu upande mmoja wa ncha, silinda hiyo ndo inayokula, na hapo ushapunguza kazi robo tatu. Zote nne zikiwa na ganda sawasawa, tatizo ni la injini nzima, PCV, sili zote au ringi zote. Angalia vizuri oili iko wapi kwenye plagi. Ikiwa imelowa kwa NJE, kwenye kaure na juu ya nyuzi, hiyo haijatoka ndani ya silinda, ni gasketi za mashimo ya plagi kwenye tapeti kava, na zikiloweka kichwa cha koili gari itaanza kupiga misi (silinda inakosa kuwaka) utaambiwa injini mbovu.

Kompresheni, na inapodanganya

Geji ya kompresheni azima au nunua, inadumu miaka. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote nje, chomoa koili na fyuzi ya pampu ya petroli, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, piga starti mizunguko mitano sita kila silinda, andika. Injini nyingi za petroli nzima zinasoma kati ya psi 150 na 200, na silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Ya chini ikipatikana, vuta oili mililita 5 mpaka 10 kwa bomba la sindano la duka la dawa, imwagie kwenye tundu la plagi la silinda hiyo, pima tena. Ikipanda sana ni ringi au ukuta wa silinda, kwa sababu oili imeziba pengo. Isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi.

Lakini sikilizeni hapa. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinashikilia kompresheni, ya tatu chini ndo ya kukwangua oili. Ile ya tatu ikiganda kwa masizi, injini itasoma kompresheni nzuri kabisa, itakuwa na nguvu, itawaka vizuri, na bado itakunywa oili. Kompresheni nzuri haiitakasi ringi ya oili. Hilo ndo lililojulikana kwenye Toyota 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, ile ya 1.8 inayopatikana kwenye RAV4, Opa, Spacio na Allion za wakati ule, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo yanaziba, baadae Toyota wakabadilisha pistoni. Na 2AZ-FE ya lita 2.4 ya katikati na mwisho wa miaka ya 2000 nayo ina sifa hiyohiyo. Kama injini yako ni mojawapo, plagi zote zina ganda, haivuji, PCV nzima na haina wingu la asubuhi, mshukiwa wako wa kwanza ni ringi ya oili.

Kabla ya kuishusha injini ya namna hiyo kuna jambo la kujaribu. Injini ikiwa ya uvuguvugu toa plagi, weka pistoni zote katikati ya safari yake ya juu na chini, mimina dawa ya kusafishia masizi ya pistoni kila silinda, acha usiku kucha. Kesho zungusha injini kwa starti plagi zikiwa nje na umefunika kwa matambara, usiruke hii, dawa ikibaki juu ya pistoni na ukafunga plagi ukapiga starti unaweza kupinda koneksheni rodi. Mwaga oili, weka mpya na filta mpya. Itatoa moshi mwingi ikiwaka, fanyia nje mbali na majirani. Sio uchawi, mara nyingine inasaidia nusu, mara nyingine hakuna kitu, ila ni gharama ndogo mbele ya ovahoo (kufungua injini nzima na kuitengeneza upya).

Angalia na rejeta

Injini ikiwa baridi fungua kifuniko. Utando wa mafuta juu ya maji, au ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, unaelekea kwenye gasketi ya hedi. Ila kwa gari ya otomatiki jua kwamba oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, kikipasuka kile kipoozeo maji yanakuwa ya pinki ya maziwa na hedi inafunguliwa bure. Na ute kidogo chini ya kifuniko kwa gari ya safari fupi wakati wa masika ni unyevu tu, futa uone kama unarudi.

Oili yenyewe

Mtu anaweka nyepesi ya 0W-20 kwenye injini iliyochakaa kwa sababu kaambiwa ndo ya kisasa, inapita kila mahali. Mwingine anaweka nzito 20W-50 kuficha moshi auze gari. Fuata kitabu, na vitabu vingi kwa joto kama letu vinaruhusu kupanda daraja, mfano kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 kama imetajwa humo. Injini yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, unaosukumwa na oili) ina njia nyembamba, oili nzito kupita kiasi inaichelewesha. Nunua kwa muuzaji unayemjua, angalia sili ya kifuniko kama haijaguswa, na ukimaliza toboa lile dumu kabla ya kulitupa ili lisije likajazwa kitu kingine.

Ukienda kwa fundi

Nenda na daftari na plagi zako nne kwenye karatasi. Mweleze yote, mara ngapi unaongeza, mara ya mwisho kubadilisha oili lini hata kama umechelewa, mficha uchi hazai. Kama ni valvu sili muulize kama anaweza kuzibadilisha bila kushusha hedi, inawezekana kwa injini nyingi, silinda inajazwa upepo wa kompresa au kamba laini ya nailoni inaingizwa kupitia tundu la plagi na pistoni inapandishwa mpaka ibane valvu zisidondoke, afu springi zinatolewa kwa juu. Mi zangu zilibadilishwa hivo na fundi mzee mmoja Chumbageni, kwa kamba, siku moja na nusu. Kama ni ringi kweli, usikubali ringi mpya zivalishwe bila kuta za silinda kupimwa, silinda iliyoliwa ikawa ya yai haishiki ringi yoyote hata ziwe za kiwandani.

Ikishatengenezwa rudi kwenye daftari, jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, anza kuhesabu upya. Ringi mpya zinachukua muda kukaa kwa hiyo kilomita 1,000 za kwanza ziandike ila usizihukumu, mwaga oili ile, hesabu 1,000 za pili. Valvu sili hazina kusubiri, namba ishuke mara moja. Yangu ilikuwa mililita 700, sasa hivi ni 150 na nimeshaipima mara nne.